Kabla Sijakupa Ufunguo

Keti kwanza, Shekuwe. Si hapo, hicho chuma kitakuunguza.
Keti kwenye ngazi, upande wa kivuli,
nikueleze kabla hatujataja bei.

Hili lilikuwa lori la kupeleka saruji Malaba.
Dzombo alilinunua limeshachoka,
akalijengea chumba mgongoni:
kitanda, jiko la macho mawili, sinki,
na dirisha alilolitoa kwenye basi lililopinduka Maungu.
Watu wa Mshomoroni wakaliita Konokono.
Tukacheka, tukaliandika jina ubavuni.

Sasa sikiliza. Kaskazi si mchezo.
Ikifika Januari jua la hapa halipigi, linakaa.
Linakaa juu ya paa kama mgeni asiye na nauli ya kurudi,
na gundi ya pembeni inalainika mchana,
inakaza usiku, mwishowe inapasuka:
ufa mwembamba, unywele tu,
huuoni mpaka Aprili mvua ikuoneshe.
Panda mwenyewe, alfajiri, na kitambaa cha spiriti.
Wahenga walitutisha na kujenga ukuta;
hapa ukichelewa utaanika godoro.

Mipira ya milango usiipake mafuta ya nazi.
Nilipaka mimi, mwaka wa kwanza, nikidhani mpira ni nywele.
Ukavimba kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki.
Dzombo hakusema kitu. Alikwenda duka la dawa,
akarudi na kichupa cha glisirini,
akakiweka mezani mbele ya chai yangu.
Ndivyo alivyokuwa akigombeza.

Upepo wa magurudumu upime
kabla jua halijadanganya geji.
Yafunike magunia, hasa upande wa magharibi.
Betri uipe maji yake ya dukani,
kisima chetu kina chumvi, muulize birika.
Na mtungi wa gesi usiuache juani
hata kwa muda wa kusalimiana,
maana salamu za Mombasa unazijua.

Kunguru nao! Wanadonoa mpira wa dirisha la juu
kama wamelipwa.
Nimening'iniza sidii kuukuu, zinawamulika macho.
Usizitoe.

Unauliza limefika wapi.

Mariakani. Mara moja.
Tulinunua maziwa, tukageuza, rejeta ilikuwa inachemka.
Alisema atairekebisha, tuondoke Juni.
Mei kisukari kikamchukua mguu,
wa kushoto, ule wa klachi.

Basi likakaa hapa, chini ya muarubaini,
mimi juu ya paa na bomba la gundi,
yeye chini kwenye kiti, kofia usoni:
"Kushoto. Umeruka. Rudi."
Miaka sita, Shekuwe. Hakuna tone lililoingia.

Na usiku wa Februari, umeme umekwenda,
nyumba ya bati inatutokosa kama mihogo,
nilimshika mkono tukaja kulala humu.
Nikifungua dirisha la juu, fukuto linapanda, linatoka lenyewe;
kifeni kinazunguka kwa jua lililowekwa mchana.
Yeye alilala akitazama kioo cha mbele.
"Tumefika wapi, Umazi?"
"Voi," namwambia. "Umepitwa na tembo, ulikuwa umelala."
Usiku mwingine Mtito. Usiku mwingine Emali, tukala machungwa.
Hakuwa mtu wa kuharakisha njia.
Machi ya mwaka jana tulikuwa tumeikaribia Isiolo.

Rejeta ni mpya. Niliiweka baada ya arobaini yake,
fundi akanitazama kama mtu anayemnunulia maiti viatu.
Maji ya kupozea badilisha kila baada ya miaka miwili,
na usifungue kifuniko injini ikiwa moto,
hata ukiwa na haraka, hata mtu akikupigia honi.

Bei tutapatana. Mimi si mgumu.

Lakini mlango wa nyuma unavimba kwa joto, ufunguo unakwama.
Usiulazimishe.
Uinue mlango kidogo kwa kiganja,
taratibu, kama unayempitishia mto mtu aliyelala,
ndipo uzungushe.