Ndoo

Wiki ya kwanza Maweni, mama aliniita uani:
"Shekuwe, ndoo!"
Mbeyu wa chumba cha pili akatoka mbio
na ndoo nyekundu isiyo na mkono,
akaitua miguuni pa mama.
Wakatazamana.

Kwetu Koyama ndoo ni mtu kuitwa.
Malindi ndoo ni maji ya kununua,
foleni inayoitangulia adhana.

Ofisini karani hakuinua uso.
"Mkimbizi gani huyu, Kiswahili kimemjaa kinywani?"
Akauliza kisima chetu kiko upande gani wa msikiti,
na nani alikizika kitovu changu.
Mama akajibu yote, hata yasiyoulizwa:
jina la baba, na usiku ule.
Karani akagonga muhuri: arudi mwezi ujao.
Na mwenye nyumba, kodi ikichelewa:
"Nyinyi wa kuja!"
Kule wenyeji mno, hapa wageni mno.

Basi akajizoeza, akikaanga bajia,
njoo, njoo, njoo,
kama atafunaye kiazi cha moto.
Mimi maneno yetu niliyaacha langoni mwa shule,
nikayaokota saa kumi.
Mengine sikuyakuta.

Jana alfajiri mlango uligongwa.
"Mama Shekuwe, ndoo! Maji yametoka!"
Sauti ya Mbeyu, ulimi wa kwetu.
Mama alisimama kizingitini, kimya,
kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Akatoka.
Ndoo pia aliichukua.