Mbuzi Aliyebaki

Mimi ni mtoto wa bucha.
Nimekuzwa kwa maini yaliyofungwa gazeti,
kwa mifupa ya supu, kwa utumbo wa Ijumaa,
na majirani wa Makorora walijua hali ya biashara yetu
kwa kunusa tu dirisha.
Baba, Mbwana Kilua, alikuwa na meza yake Mgandini,
gogo la mkwaju lililobonyea katikati,
na shoka ambalo hakuna aliyethubutu kuliazima.

Leo nyumbani mbuzi aliyebaki ni mmoja:
huyu wa mbao, mwenye ulimi wa chuma,
ninayemkalia kila alasiri nikikuna nazi.
Hali majani, halii alfajiri.
Anataka nimpanguse tu, basi.

Haikuanza kwa hekima, nisijisifu.
Ilianza kwa bei.
Kilo ilipanda, Hizza hajalipwa kiwandani,
nikarudi sokoni na mafungu matatu ya kisamvu
yaliyofungwa kwa ugwe wa katani,
ugwe uleule Baba aliokuwa akitundikia mapaja.
Nikasema: wiki hii tu.
Wiki ikazaa wiki.

Tatizo lilikuwa neno.
Kwetu ukiuliza, "Leo mboga nini?"
utajibiwa: mboga nyama, mboga dagaa, mboga maini.
Kila kitu kinaweza kuwa mboga
isipokuwa mboga.
Basi siku ya kwanza Baba alipouliza kutoka barazani,
nikamjibu: "Mboga mboga."
Akadhani nimepata kigugumizi.

Alikula kama mtu anayetoa ushahidi polisi,
kidogo kidogo, akitazama pembeni.
"Kimepikwa," alisema.
Usiku nikamsikia jikoni akifunua masufuria,
moja baada ya jingine,
akitafuta kilichofichwa.

Nami nikajifunza, maana nilikuwa sijui.
Kwamba mbaazi hazitaki haraka ya mtu yeyote.
Kwamba tui jepesi ndilo la kuchemshia,
na zito husubiri mwisho, kama bibi harusi.
Kwamba choroko zikipata ukwaju
hata Hizza hulamba mwiko akidhani simwoni.
Nilichemsha mbegu za fenesi la Muheza kwa chumvi;
Shufaa akazipeleka shuleni mfukoni
akarudi na kalamu mbili na deni la mbegu kumi.
Boga niliunguza. Boga niliunguza tena.

Baba ana meno manne,
na katika hayo, mawili hayaonani.
Jambo hili halisemwi nyumbani.
Alikuwa ameacha nyama kabla yetu sisi,
akiitafuna na kuihamisha shavu hadi shavu,
kisha kuitoa polepole kwa kiganja
na kumtupia paka wa jirani,
na sote tulisifu unene wa paka yule.

Jumamosi moja natwanga kisamvu, mkono umechoka,
akaja amesimama juu ya kinu.
"Unapiga kama unakiogopa. Lete."
Akaushika mchi.
Pigo lilikuwa lilelile la Mgandini:
zito, kimya kidogo, zito,
bega linashuka kabla ya mkono,
na harufu mbichi ya jani ikapanda hadi barabarani.
Mwantumu akachungulia ukutani:
"Mbona kelele, mmechinja?"
"Tumechinja muhogo," alisema Baba,
wala hakucheka.

Tulikula na bada siku ile,
jani na mzizi wake sahani moja.
Hakusema kimepikwa.
Alisema chumvi imepungua, akaongezwa, akanyoosha sahani tena.

Idi tunanunua nyama, sitaki kusema uongo:
kilo moja, tunagawana, na Baba hupewa mchuzi.
Lakini siku nyingine hizi zote
kinu ni chake, hakiguswi.
Na jioni, nazi ikishakunwa,
humpangusa mbuzi ulimi kwa kitambaa kibichi,
humkunja miguu
na kumlaza ubavu karibu na ukuta,
taratibu,
kama mtu anayemjua mnyama.