Boila ya Bwana Wrzosek

Nilimwambia, kama nilivyofundishwa hapa Łódź,
hasira ni mvuke: ukiuziba, utakupasua.
Nikachora sufuria, kifuniko, mishale inayopanda.
Mchoro huo nilirithi kwa mwalimu wangu, naye kwa wake,
na hakuna kati yetu aliyewahi kuungua mkono.

Bogumił Wrzosek akavua kofia yake ya sufi.
Miaka thelathini na mmoja ametunza boila
za kiwanda cha nguo nyuma ya kituo cha reli.
"Daktari, mvuke una vali yake, huo hatuuogopi sana.
Zile mbili nilizoziona zikilipuka
zilikaukiwa maji.
Chuma kikawa chekundu, kipimo hakuna aliyekitazama,
kisha mjinga mmoja akafungulia maji baridi."

Tramu ikapita, dirisha likatetemeka.
Nilitaka kumjibu kwamba ni tamathali tu.
Hilo "tu" likanikwama kooni:
kwa "tu" hiyo nimewatuma watu wakapige mito ngumi,
wakapayuke ndani ya magari yao, vioo vimefungwa,
wakanirudia na hasira iliyonona.

"Na wewe," nikauliza, "umekaukiwa nini?"

Akaikodolea sufuria yangu ya karatasi.
Wiesława alikufa Februari, akasema.
Tangu hapo hakuna anayemuuliza kama amekula.

Nikafuta kifuniko.
Mishale nimeiacha;
bado sijui inaelekea wapi.