Jiwe la Mama

Jiwe hili mama alisugulia visigino
miaka kumi na tisa, uani Mwanga,
kati ya pipa la maji na banda la bata.
Jepesi kama kipande cha mkate mkavu,
rangi ya jivu la jana,
vitundu tele, kana kwamba mwamba nao huoza.

Baba alilitoa mfukoni mwa koti la baridi,
koti ambalo Kigoma halikupata kazi hata siku moja,
akasema limetoka kisiwani.
Kisiwa gani? Tukanyoosha vidole magharibi,
kwenye milima ya Kongo.
Akacheka. "Kule hakuna ng'ambo."

Alikuwa mpishi melini, Kilahumba wa Ntahondi,
aliyeanza kwa kukaanga migebuka bandarini
akaishia kuwamenyea viazi watu wa darubini,
wanaopima bahari kama fundi anavyopima suruali.
Siku arobaini na mbili maji,
maji,
kisha mlima, peke yake, kofia ya theluji,
kiuno kimefungwa ukungu.
"Na ule ni utosi tu," alisema.
"Mabega yamo chini, giza tupu,
ulizaliwa kwa moto humo humo majini."
Kileleni moshi, usiku na mchana,
na hakuna anayepika.
Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Harufu iliwafikia kabla ya nchi kavu:
Kibirizi, siku dagaa wamenyeshewa juani hawajakauka.
Halafu kelele. Halafu pengwini wenyewe,
kifua kwa mgongo, ufuko mzima,
kama abiria wa daraja la tatu
siku treni ya Tabora imelala njiani.
Sili wakikoroma katikati yao, wanene, hawajali.
Na albatrosi, jina alilolitamka kama dawa ya malaria,
ndege ambaye akikunjua mbawa
mlango wetu usingempitisha.
Mti hakuna. Nyoka hakuna. Nzi, alidai, hawaruki,
upepo umewanyang'anya mbawa.

Nilimuuliza: hawakukukimbia?
Akanyamaza, akachezea kifuniko cha chupa ya chai.

Maana ufukoni palikuwa na sufuria.
Ya chuma, ng'ombe mzima angeenea,
imelala ubavu, kutu imeila mdomo.
Watu wa zamani walichemsha humo sili, wapate mafuta ya taa;
sili walipokwisha, wakachemsha pengwini;
na kwa kuwa kuni hakuna,
waliwasha pengwini chini ya pengwini.
Wale wa darubini waliipiga picha.
Baba aliingiza mkono, akapapasa kitako chake,
kama mpishi yeyote anavyopapasa chombo cha mwenzake,
akajua moto wake ulikuwa mkali kiasi gani.
Jioni ile hakula.

Bendera mbili zilikwisha simikwa pale
na serikali mbili zisizoelewana.
Upepo ulizichana zote.

Sisi tulichotaka ni kuona jiwe linaelea.
Mimi na Nyabenda tuliliiba, tukateremka Katonga,
tukawekeana dau la muwa na watoto wa wavuvi,
maana ziwa hili halina mchezo:
lilimmeza mjomba na injini yake mpya,
liliimeza hata Liemba, likakaa nayo miaka
kabla ya kuirudisha.
Nikalitupa.
Likazama kidogo, likaibuka, likatulia juu ya maji
kama kitu kinachotafuta mahali pa kukaa.
Hakuna aliyepiga kelele. Muwa tulipewa bila ubishi.

Darasa la sita nilikitafuta kwenye ramani ya ukutani.
Baba, aliyekuja kulipa ada, alisogea,
akaonyesha kwa ukucha:
herufi moja ya jina la bahari imekikalia.

Sasa yeye hayupo, na koti limeliwa na nondo.
Jiwe limebaki kama ndimu.
Kwingine kote kumeishia uani Mwanga, unga na povu la sabuni,
kisiwa kikipungua kidogo kila Ijumaa
chini ya mguu wa mwanamke ambaye hakuwahi kupanda hata mtumbwi,
na aliyekwenda kaburini
na visigino laini.