Kikohozi

Kila spika ya Katwe, ukimsikiliza Ssenkayi,
ilitoka kwa balozi.
Balozi kahama, balozi kafilisika, balozi kaoa upya
na mke mpya hataki masanduku makubwa sebuleni.
Mabalozi wangapi wamepita Kololo, namuuliza,
na wote walipenda besi?

Nilikuja na santuri yangu moja ndani ya foronya.
Zamzam alinipa na kamba:
fundo la kwanza ni kutoka ukutani hadi kabatini,
fundo la pili ni kimo cha dirisha.
"Likizidi fundo, litalala nje na mbuzi."
Bei hakuitaja,
na hilo ndilo lililonitia hofu.

Ssenkayi akaanza na zile nyeusi, ndefu kama milango.
Akafungua sauti mpaka bisibisi zikatembea mezani,
watoto wa jirani wakaja kucheza.
"Umesikia?"
Nimesikia. Hata Entebbe wamesikia.
Kizuri chajiuza, bwana; hiki mbona kinaita wateja?

Kwenye kona, chini ya magunia ya waya,
zilikuwapo mbili za mbao, fupi,
zimepauka upande mmoja
kama mtu aliyekaa dirishani miaka ishirini.
Nikabonyeza koni kwa vidole viwili, taratibu,
kama unavyopapasa tumbo la mtoto anayelia usiku.
Ya kulia ilirudi laini.
Ya kushoto ilikwaruza: sponji ya ukingoni imekuwa unga,
na nyuma, panya alilea kizazi kizima.
Nikanusa. Vumbi, gundi kuukuu,
na kwa mbali, tumbaku ya mtu.
"Hizo mbovu," akasema. "Nitakuuzia kwa huruma."
Huruma yake: milioni moja na laki mbili.

Lazima nieleze habari ya kikohozi.
Katika santuri hii, upande wa pili, wimbo wa tatu,
kabla gitaa la besi halijaingia,
mtu anakohoa.
Nilimsikia mara moja tu, Soroti,
kwa Opolot aliyekuwa fundi wa redio,
wiki moja kabla hajauza spika zake kulipa ada za watoto.
Tangu siku hiyo, kila chombo ninachokikuta natega sikio.
Muziki upo. Mtu hayupo.
Na jina lake halikuandikwa kwenye jalada.

Lakini Katwe si mahali pa kusikia kikohozi.
Nyundo huku, nyundo kule, masufuria yanazaliwa,
mageti yanachomelewa.
Nikakaa juu ya betri ya lori, nikangoja.
Saa saba chakula kikaja. Nyundo moja ikaacha,
ya pili, ya tatu,
ikabaki moja tu, mbali,
ya mtu asiye na njaa, au asiye na hela.
Nikateremsha sindano.
Spika ya kushoto ikakwaruza kama kuku jalalani.
Ya kulia —

Nikalipa laki tisa. Sikungoja apunguze zaidi,
kosa ambalo marehemu baba asingelisamehe.

Boda mbili mpaka Bombo, kila moja na sanduku lake
lililoviringishwa godoro kama mgonjwa.
Siku nne nikabandika ukingo mpya
kwa ngozi laini na gundi ya viatu.
Ya tano nikaziwasha,
na mvua ikaja juu ya mabati kama imetumwa.
Zamzam, ungo mapajani, anachambua mchele:
"Laki ngapi vile, kusikiliza mabati?"
Sikumjibu. Umeme ukaenda, ukarudi.
Mvua ikachoka, likabaki tone moja moja
kwenye majani ya mgomba.

Nikarudisha sindano. Wimbo wa tatu.

Ungo ukasimama mikononi mwake.
"Nani huyo," akauliza, akitazama mlangoni,
"mbona hukumkaribisha?"