Kijiti cha Pamba

Jumanne, Mbale. Mlima umejifunika ukungu hadi shingoni.
Mzee Obbo anaingia kliniki kwa mguu mmoja,
wa pili anaukokota kama mzigo wa mtu aliyeahidi kuufikisha.
Miaka thelathini alikuwa mtu wa reli kule Tororo,
akibadili njia za treni kwa mkono wa kulia,
mkono huohuo uliolala sasa mapajani, kiganja juu,
kama unasubiri chenji.

Fomu ya ridhaa ina kurasa sita.
Namsomea kwa Kiswahili, lugha iliyomlipa mshahara.
Anatia dole gumba la kushoto.
Wino unasambaa mpaka kwenye neno "hiari".

Kisha maswali. Katika wiki mbili zilizopita,
umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda?
Kamwe. Siku chache. Siku nyingi. Karibu kila siku.
Mdomo unatafuta neno; nalisikia likigonga meno kwa ndani.
"Ta," anasema. "Taa."
Naandika: taa.
Hakuna kisanduku cha taa.

Mkewe, Nyadoi, anajibu bila kuinua macho:
"Usiku anataka taa iwake. Anasema kile kitu
kilimjia gizani, kitarudi gizani.
Basi mimi nakesha nayo, isije ikaunguza chandarua."

Sonona, ndivyo tulivyofundishwa kuiita.
Neno la vitabuni, lakini litamke polepole:
so-no-na,
mtu analia mdomo umefumbwa.

Halafu kijiti cha pamba. Tafuna dakika moja, usimeze;
mate yatatuambia mwili umebeba mfadhaiko kiasi gani.
Mzee anakitazama kama kiberiti kilicholowa.
Nyadoi akakichukua. "Hivi," akasema, akatafuna,
kama alivyowafundisha watoto sita kula kigumu.
Nikampa mzee kingine.
Kile cha Nyadoi nikakitumbukiza kwenye kichupa kitupu,
nikakichanganya na wenzake. Foleni ilikuwa imefika getini.

Maabara iko nyuma ya stoo ya magodoro.
Friza inanguruma kwenye hasi themanini,
na umeme ukikatika Nambozo hukimbilia jenereta
na ndala moja mguuni.
Sahani yake ina visima tisini na sita,
vidogo kama vyumba vya nyuki, na rangi ya njano inapanda.
Hapa mambo ni kinyume: penye mfadhaiko mwingi
rangi hufifia.

"Hiki hakina namba," akaniita. "Tazama kilivyo.
Ni nani huyu?"
Kisima cheupe, karibu na maji.
Cha mzee, jirani yake, kilikuwa njano ya ndizi mbivu.

Itifaki inasema: kisicho na namba kitupwe.
Hakuna ridhaa, hakuna dole gumba.
Nambozo akaandika daftarini: kimetupwa, saa nane na robo,
akavua glavu, akanawa, akanawa tena.

Kati ya kuugua na kuuguza kuna herufi moja,
na katika kurasa zetu sita
hatukuiachia nafasi.

Waliporudi baada ya mwezi sikumwambia habari za kisima.
Tone moja la mate si unabii;
huenda siku ile alikuwa amekimbilia gari tu.
Nilivuta kiti cha pili.
"Na wewe, mama, unalala?"

Akageuka kuangalia mlangoni,
akidhani nimemsemesha mtu aliye nyuma yake.
Kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu.
"Nilale saa ngapi?"

Mzee Obbo akakunja uso. Mkono wa kushoto
ukainuka, ukashika hewa kama mtu anayevuta mtambo wa reli,
na baada ya kitambo akatoa neno zima:
"Zima."

Nyadoi akanyamaza.
Nami sijui bado kama alimaanisha taa.
Nimeliandika pembeni mwa karatasi,
nje ya visanduku.