Michembe ya Mwaka Huu

Daktari alitamka neno moja: risasi.
Mama mkwe akaruka kitini,
akamfunua Lugwisha shati, mgongo, tumbo,
akitafuta tundu.
"Nani kampiga mjukuu wangu?"

Hakuna aliyempiga, mama.
Tulimlisha.

Tulimlisha michembe tuliyoanika juu ya jiwe,
lile pana nyuma ya nyumba ya Sayi,
viazi vya bondeni, vilivyonona tukavisifia,
kimoja kikijaza sahani ya watu wawili.
Tulimlisha matobolwa kwa karanga, asubuhi,
kabla ya shule. Akaomba aongezwe.
Nikamwongeza.

Juu ya bonde kuna banda la Manyilizi.
Huyeyusha betri za malori, za pikipiki, za sola,
humimina uji mzito wa kijivu kwenye makopo ya maziwa,
na yale maji makali huyaachia mtaro,
na mtaro hauna pa kwenda ila kwetu.
Vizito vya nyavu pwani nzima ya ziwa hutoka kwake.
Mume wangu alinunua kilo nne.
Tulimwita fundi. Tulimpelekea viazi, zawadi.

Mzizi hauna pua.
Hunywa kilichopo.

"Anasahau?" Anasahau.
Herufi alizozijua Machi, Juni amezipoteza.
"Tumbo?" Humsokota usiku.
Nilimchapa kwa uvivu, kwa fimbo ya mpera.
Hilo sikumwambia daktari.

Nikamwambia: niliosha. Nilimenya.
Nilichemsha hadi kuni zikaisha.
Akavua miwani, akaifuta kwa koti lake:
"Moto unaua minyoo, mama. Hii haifi."

Kutoka hospitali, kule mlimani,
Mwanza yote inaonekana, mawe na mabati,
na ziwa limetulia kama halijaulizwa kitu.
Mama mkwe alishuka kimya, kamshika mtoto mkono,
mara mbili akasimama
akampapasa tena mgongoni.

Sasa kihengeni nina magunia matatu.
Mbuzi siwapi; maziwa yao nani atakunywa?
Kuchoma, moshi utaelekea kwa Sayi.
Kufukia, nifukie wapi,
shamba ndilo lililonipa?

Simu inaita. Ni Nyamizi wa sokoni,
tangu juzi ananitafuta.
Anasema wateja wameuliza,
anasema bei imepanda,
anasema michembe yangu ya mwaka huu
haijawahi kuwa mitamu hivi.

Lugwisha amekaa mlangoni na daftari.
Anachora duara moja, analifuta,
ananiuliza hiyo inaitwaje.